Gospel ya Kusini na bluegrass: albamu za kuanza nazo, za kuziacha kwanza, na namna ya kuzisikiliza ukiwa Uganda

Aliyekulia Uganda akisikiliza redio Jumapili asubuhi hahitaji kuelezwa Jim Reeves ni nani. Albamu yake ya 1962, We Thank Thee, ni mlango mzuri wa kuingilia gospel ya kusini mwa Marekani. Ila ni mlango tu. Reeves anaimba peke yake, na waitikiaji wamewekwa mbali nyuma yake. Aliyeishia hapo bado hajaonja kiini cha muziki huu, yaani watu wanne waliosimama karibu, kila mmoja na njia yake, wakikutana kwenye kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kwa pumzi moja.

Hukumu yetu tuitangulize kwa wenye haraka: kama bando yako inatosha albamu moja, chukua Rock My Soul ya Doyle Lawson & Quicksilver. Ukipata ya pili, chukua Live in Atlanta ya The Cathedrals. Hizo mbili zinakupa pande zote mbili, bluegrass ya nyuzi (muziki wa banjo, mandolini, fidla na gitaa) na gospel ya Kusini ya piano. Nyingine zilizotajwa hapa chini ni nzuri, lakini kila moja ina jambo ambalo usipolijua mapema litakufanya uizime kabla haijafika katikati.

Kwanza sikio. Kwaya zetu, ziwe za Kanisa la Uganda, za Kikatoliki au za Waadventista, zimezoea wimbo wenyewe kukaa juu kwa soprano, sauti tatu zikiwa chini yake. Kwateti ya wanaume ya Kusini, yaani kundi la waimbaji wanne, haijapangwa hivyo. Wimbo anao kiongozi, naye ni sauti ya pili kutoka juu. Tenori yuko juu yake, baritoni chini yake, besi chini kabisa. Mtu wa kwaya hufuata sauti ya juu kwa mazoea, akamshika tenori akidhani ndiye mwenye wimbo. Siku ya mazoezi anawafundisha wenzake pambo, wimbo wenyewe umebaki kwenye simu. Ndiyo maana kwaya nyingi zinazoiga nyimbo hizi husikika kama zimepotea ingawa kila noti ni sahihi.

Kwa anayesoma solfa mpangilio wa kawaida ni huu. Kiongozi akiwa d, tenori yuko m juu yake na baritoni yuko s chini yake. Kiongozi akipanda m, tenori anashika s na baritoni d. Kiongozi akifika s, tenori yuko d ya juu na baritoni m. Besi mara nyingi anashika mzizi wa kodi: d, f au s ya chini. Ukiwa na ramani hiyo unaweza kuichambua karibu albamu yoyote ya aina hii. Wala si ajabu kwamba solfa inafaa hapa, kwa sababu waimbaji wa Kusini wenyewe walifundishwa kwa noti za maumbo saba, kila umbo likiwa na do, re au mi yake. James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alichapisha vitabu vya noti hizo, na mwaka 1910 aliajiri kwateti izunguke ikiimba ili vitabu vinunuliwe. Kazi ya kwateti za kulipwa ilianzia hapo.

Cheza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza mfuate kiongozi huku ukivumisha mdomo umefungwa. Mara ya pili mfuate besi. Mara ya tatu mtafute baritoni, ambaye ni mgumu kuliko wote kwa sababu amebanwa katikati na noti zake zinaruka pasipotarajiwa. YouTube inakuruhusu kushusha kasi hadi 0.75 bila kushusha ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo umeimbiwa, na hiyo inatosha kumpata.

Sasa Rock My Soul. Ilitolewa mwaka 1981 na lebo ya Sugar Hill, miaka miwili baada ya Lawson kuanzisha kundi lake. Lawson yuko kwenye mandolini, Jimmy Haley kwenye gitaa, Terry Baucom anapiga banjo na pia ndiye besi kwenye kwateti, Lou Reid yuko nao. Hakuna ngoma hata moja, na bado mguu hautulii. Mdundo unatokana na mgawanyo wa kazi. Besi ya nyuzi inapiga pigo la 1 na la 3. Mandolini inakata pigo la 2 na la 4, kodi ikipigwa kwa nguvu na kuzimwa papo hapo kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto bila kuviondoa kwenye nyuzi. Banjo inajaza nafasi zilizobaki kwa vidole vitatu vinavyozunguka. Mpiga kibodi asiyelijua hili huongeza mdundo wa mashine, na papo hapo snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inagombana na mandolini kwenye pigo lilelile. Ukitaka kuupiga muziki huu kanisani, izime ngoma ya kibodi. Hili hatuna mjadala nalo.

Kuna jambo jingine linaloifanya albamu hii iwe karibu nasi. Wimbo ulioipa jina ni wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi. Na ule mtindo wa besi kutembea huku watatu wakijibu kwa maneno mafupi yanayorukaruka ulikomazwa na kwateti za watu weusi, mfano Golden Gate Quartet walioanza Norfolk, Virginia, mwaka 1934. Banjo nayo ililetwa na ujuzi wa Waafrika waliofanywa watumwa. Muziki huu husimuliwa kama mali ya wazungu wa milimani. Sikio la Mwafrika halina sababu ya kuukubali usimulizi huo. Mtu wa Nebbi au Arua aliyezoea kundi la adungu (vinubi vya nyuzi) kanisani, ndogo ikibeba wimbo na kubwa ikishika besi, atautambua mgawanyo wa kazi mara moja.

Dosari yake ni moja: funguo ni za juu. Lawson na wenzake wanaimba mahali ambapo wanaume wengi huishiwa sauti. Kusikiliza hakuna shida, lakini usifundishe kwaya kwa ufunguo wa albamu. Shusha nusu toni tatu au nne kwanza, kisha pandisha taratibu.

Live in Atlanta, ya 1983, ni dunia nyingine. Glen Payne ndiye kiongozi, George Younce besi, Kirk Talley tenori, Mark Trammell baritoni, Roger Bennett kwenye piano. Payne alisomea shule ya muziki ya Stamps-Baxter, ile iliyotokana na wachapishaji wa vitabu wa Dallas, na unaisikia shule hiyo katika matamshi yake: kila irabu imefunguliwa sawasawa, kila konsonanti ya mwisho imefika. Msikilize Younce anapotoka kwenye besi ya kawaida kwenda kuubeba wimbo mwenyewe. Hapandishi nguvu. Anazungumza ndani ya noti, na watatu wengine wanashuka mara moja kumpisha. Kushuka huko ndiko kunakokosekana kwenye kwaya nyingi, ambako besi akipewa ubeti wenzake wanaendelea kupaza sauti kana kwamba hakuna kilichobadilika. Bennett anafundisha jambo lilelile kwa piano: mistari inapoisha ndipo anajaza, maneno yakirudi anapungua.

Kati ya nyimbo kuna mazungumzo ya jukwaani, ya Kiingereza cha haraka chenye lafudhi ya Kusini. Asiyeyafuata anaweza kuyaruka bila hasara ya muziki.

Kundi hilohilo lilitoa Symphony of Praise mwaka 1987, mpangilio wa okestra ukiwa wa Lari Goss. Ni kazi kubwa na tunaiheshimu, lakini si ya kuanzia. Vinanda na tarumbeta vinaifunika baritoni, na kwenye spika ndogo vyote vinageuka ukuta mmoja. Irudie baada ya sikio kukomaa.

Cry from the Cross ya Ralph Stanley, iliyotolewa na lebo ya Rebel mwaka 1971, ndiyo itakayowagawa wasikilizaji. Kaka yake, Carter, alikuwa amefariki mwaka 1966, na Ralph alimpata Roy Lee Centers, ambaye sauti yake ya kuongoza inafanana na ya Carter kwa kiasi cha kushangaza. Humo pia wamo vijana wawili waliokuja kuwa wakubwa katika muziki wa country, Keith Whitley na Ricky Skaggs. Baadhi ya nyimbo zimeimbwa bila ala yoyote, kama zilivyoimbwa katika makanisa ya Wabaptisti wa milima ya Virginia ambako ala hazikuruhusiwa. Msikilizaji aliyezoea sauti zilizopakwa mafuta atasema Ralph ameikosa noti. Hajaikosa. Anaiingia kutoka chini, anaivuta, kisha anaikalia pale anapotaka yeye, kwa utamaduni wa uimbaji ulio mkongwe kuliko piano. Aliyekulia kwenye mikutano ya Balokole, yaani waliookoka, ambako mmoja huanzisha na wote hupokea bila kinanda, ataielewa upesi kuliko mwanamuziki wa studio. Anza na zile zisizo na ala, kisha rudi kwenye banjo.

Bill Monroe, ambaye kundi lake ndilo lililoipa bluegrass jina, ana I Saw the Light ya 1958, chini ya lebo ya Decca. Inafaa kwa anayetaka kujua mambo yalikotoka. Tenori yake ni kali kama kisu na inakaa juu sana. Tafuta pia kwateti zake za miaka ya 1940, ambazo banjo hunyamaza na kubaki mandolini na gitaa tu, ili maneno yasikike. Huo ni uamuzi wa kiufundi ambao kila kundi la kanisa lingefaa kuuiga: wimbo wa ibada ukianza, ala mbili zipumzike.

Satan Is Real ya The Louvin Brothers, Capitol, 1959, ina jalada litakalomshtua mchungaji wako: shetani mkubwa wa mbao za plaiwudi nyuma ya moto wa matairi. Yaliyomo ni mahubiri ya kumpinga, ukiwemo ushuhuda wa kusemwa ndani ya wimbo wa kwanza. Si bluegrass kamili, kwa kuwa gitaa la umeme na ngoma nyepesi zimo. Lakini kwa watu wawili wanaoimba pamoja hakuna darasa lililo bora. Ndugu hao, Ira na Charlie, walikuwa wakibadilishana njia katikati ya mstari, aliyekuwa chini anapanda, aliyekuwa juu anashuka, na mshono hauonekani. Ukishindwa kujua nani ameshika wimbo, sikiliza matamshi badala ya kimo cha sauti.

Kwa rekodi ya kisasa, iliyo safi na yenye besi mwenye sauti nzito kwelikweli, The Gospel Side of Dailey & Vincent ya 2012 inatosha. Jamie Dailey alitoka kwa Doyle Lawson, Darrin Vincent alitoka kwa Ricky Skaggs, na unasikia shule zote mbili. Hii pia ndiyo ya kujaribia spika kabla ya kulipa pesa dukani.

Na spika zenyewe ndizo zinazoharibu mengi. Besi wa kwateti akishuka hadi E ya chini yuko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 82 hivi; C iliyo chini yake ni hezi 65. Spika ya ndani ya simu haifiki huko hata kidogo. Unachosikia ni mwangwi wa juu wa sauti yake, kwa hiyo anaonekana ananong'ona na wimbo unakosa sakafu. Kosa la upande wa pili ni woofa kubwa za madukani ambazo kiwandani zimepangwa kwa muziki wa dansi: besi ya nyuzi inavuma, inamfunika besi wa kuimba, na maneno yanapotea. Shusha kitufe cha besi hadi chini ya nusu, iondoe woofa kwenye kona ya chumba kwa sababu kona huongeza uvumi, na pandisha sauti za kati kidogo. Banjo na mandolini zikikuchoma masikio kwenye spika za masikioni za bei nafuu, punguza kidogo eneo la hezi 3,000 hadi 5,000 kwenye ekwalaiza ya simu, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba. Usipunguze sana, maana konsonanti pia zinakaa humo.

Usisikilize rekodi za stereo kwa sikio moja. Kwenye baadhi ya rekodi tenori amesukumwa upande mmoja na baritoni upande mwingine, na ukiacha kifaa kimoja mfukoni umemwacha mwimbaji humo. Kama kifaa kimoja kimekufa, washa sauti ya mono, inayounganisha pande zote mbili kuwa moja, kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu. Tabia hiyohiyo ya stereo ina faida kwa anayejifunza: ziba sikio moja makusudi, na mara nyingine sauti uliyoitafuta inajitokeza wazi. Rekodi za Monroe za miaka ya 1940 ni mono, hivyo mbinu hii haizigusi.

Kuhusu data, hesabu ni rahisi. Albamu za zamani hudumu takriban nusu saa. Kwa kilobiti 96 kwa sekunde nusu saa inakula karibu MB 22, kwa 160 ni MB 36, kwa 320 ni MB 72. Kwa muziki wa nyuzi, 160 ndicho kiwango cha chini tunachokipendekeza. Chini ya hapo ule mkato wa mandolini unageuka mchakacho na fidla inatetemeka. Tangu Julai 2021 data hapa nchini inabeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kutazama video ili usikie sauti ni hasara tupu. Spotify ya kulipia inakuruhusu kupakua albamu ukiwa mjini na kuisikiliza kijijini, ila simu lazima iguse mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zinafungwa. Ya bure haipakui albamu. Ukinunua faili za MP3 na kuziweka kwenye memori kadi hakuna wa kukufungia: kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya albamu 400 za kiwango cha juu.

Vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye fleshi tunavishauri mviepuke kwa muziki huu, hata tukiacha suala la haki ya wenye kazi. Faili zimenakiliwa na kubanwa mara nyingi, majina yameharibika, na kwateti tatu tofauti zimewekwa chini ya jina moja.

Mtego mwingine ni mikusanyo yenye majina ya jumla, gospel bora ya bluegrass na kadhalika, isiyotaja mwimbaji hata mmoja. Mingi ni ala tupu zilizopigwa na wanamuziki wa studio, hakuna kwateti ndani. Angalia pia nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya uzeeni: jalada linaonyesha picha ya ujana, sauti ni ya miaka thelathini baadaye. Linganisha mwaka na jina la lebo. Kama ni kazi ya Monroe ya 1958 na hakuna neno Decca au warithi wake popote, sita kwanza kulipa. Majina ya albamu nayo hurudiwarudiwa, kwa hiyo tafuta kwa jina la kundi pamoja na mwaka.

Kwa kwaya mchanganyiko inayotaka kuimba nyimbo hizi, usiwape soprano njia ya tenori ikiwa imepandishwa oktava. Inakuwa kelele juu ya wimbo. Wape alto njia ya tenori kwa kimo kilekile cha rekodi. Wengi wanaifikia bila taabu. Wanaume wa juu wachukue njia ya kiongozi, wengine baritoni, besi abaki alipo. Mtu mmoja kwa kila njia anatosha, wawili ndio mwisho, kwa sababu watu kumi kwenye baritoni hawawezi kuruka kwa wepesi unaohitajika. Mkiweka maneno ya Kiswahili, chungeni majibu ya besi: Kiingereza kinampa silabi moja moja, maneno yetu ni marefu, hivyo chagueni jibu la silabi tatu au nne na mlirudie. Rekodi ya zamani isipopatana na kibodi, ikiwa katikati ya funguo mbili, tatizo ni kasi ya mtambo wa zamani. Rekebisha kitufe cha kupandisha na kushusha kimo cha noti cha kibodi badala ya kuwalaumu waimbaji.

Soprano watauliza wao wamewekwa wapi. Wapeni The Chuck Wagon Gang, familia ya Carter wa Texas walioanza kurekodi mwaka 1936. Rose anabeba wimbo juu, Anna alto, baba yao tenori, kaka yao Jim besi, na gitaa moja tu chini yao. Mpangilio huo ni uleule wa kwaya zetu, funguo ni za kibinadamu, nyimbo nyingi hazifiki dakika tatu, na mikusanyo ya rekodi zao za Columbia ndiyo ya kutafuta.